Fizikia na hesabu za injini: jifunze ukiwa na injini moja ndogo mezani, hatua kwa hatua

Wakuu habari zenu. Kuna mafundi wanafungua injini asubuhi na jioni inawaka, ila ukiwauliza kwa nini ringi inaachiwa mwanya watakwambia ndo inavyokuwaga. Na kuna watu wamesoma fizikia mpaka chuo, ukiwapa hedi (kichwa cha injini) mkononi wanaigeuza geuza tu. Mimi naamini wote hawa wanakosa kitu kimoja kile kile, namba waliyoipima wenyewe kwenye chuma. Kwahiyo mwongozo huu hauanzi na vitabu, unaanza na injini moja juu ya meza, na kila hesabu nitakayoileta inajibu swali ambalo fundi anakutana nalo kweli.

Mimi nilianzia upande wa spana. Hesabu nimekuja kuzirudia ukubwani baada ya kuua injini ya mtu, nitaisimulia mbele huko.

HATUA YA 1: Tafuta injini iliyokufa

Chukua ya pikipiki, silinda moja. Mimi natumia aina ya CG125, ile iliyobuniwa na Honda miaka ya 1970 na Wachina wakaja kuinakili mpaka leo imejaa kwenye bodaboda huku kwetu. Nenda kwa wauza vyuma chakavu, haihitaji kuwaka, inatakiwa tu krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) izunguke na pistoni ipande na kushuka. Vifaa: venia, bomba la sindano la cc 20, mizani ya jikoni inayosoma gramu, fila geji (vibapa vya kupimia mianya), protrakta, na simu yenye programu ya majedwali. Maikromita kama huna azima kwa fundi wa lezi.

Hesabu za kuanzia ni za sekondari tu, yaani kipeo cha pili, uwiano, na kubadili vipimo. Hapo kwenye kubadili vipimo ndo wengi wanaangukia, wanachanganya milimita na sentimita halafu injini inatoka na cc laki moja. Jizoeze mapema: urefu kwa mita, presha kwa paskali, joto kwa kelvini (selsiasi jumlisha 273), kani kwa nyutoni. Ukishazoea hivyo fomula zote zitakubali bila kugombana.

HATUA YA 2: Ujazo

Pima kipenyo cha tundu la silinda na safari ya pistoni toka juu kabisa mpaka chini kabisa. Kwenye CG125 ambayo haijaguswa utapata mm 56.5 na mm 49.5. Ujazo ni pai gawa kwa nne, mara kipenyo kipeo cha pili, mara safari. Kwa sentimita: 0.7854 × 5.65 × 5.65 × 4.95 = 124.1. Ndo maana kwenye kadi wanaandika 124 au 125.

Sasa cheza nayo. Ukiweka pistoni ya ovasaizi 0.50 kipenyo kinakuwa mm 57.0 na ujazo unakuwa cc 126.3, umeongeza cc 2 tu. Kwahiyo yule anayesema pikipiki imekuwa na nguvu sana kwa sababu imepanuliwa silinda, nguvu ile imetoka kwenye ringi mpya zinazobana vizuri, sio kwenye ujazo.

HATUA YA 3: Uwiano wa kompresheni

Hapa ni kulinganisha nafasi iliyopo pistoni ikiwa chini kabisa na nafasi iliyobaki ikiwa juu kabisa. Nafasi inayobaki juu unaipima kwa maji maji. Geuza hedi tumbo juu, valvu na plagi ziwepo, pakaza grisi kidogo pembeni ya valvu zisivuje, funika na kipande cha plastiki kinachoona (kava la CD linatosha) ulichotoboa vitundu viwili, halafu ingiza mafuta ya taa kwa bomba la sindano taratibu mpaka kale kapovu ka hewa ka mwisho katoke. Fanya mara tatu, chukua wastani. Tuseme umepata cc 13. Gasketi ikishabanwa ina unene wa mm 1, hiyo ni eneo la silinda cm² 25.07 mara cm 0.1, sawa na cc 2.5. Kama pistoni inafika usawa wa bloku kabisa basi jumla ni cc 15.5.

Uwiano = (124.1 + 15.5) ÷ 15.5 = 9 kwa 1.

Haya, mtu anataka nguvu, anachonga uso wa bloku nusu milimita. Umepunguza cc 1.25 kwenye ile 15.5, imebaki 14.25, uwiano umekuwa 9.7. Nusu milimita tu! Kumbuka hii namba, tunaihitaji sasa hivi.

HATUA YA 4: Gesi ikibanwa

Umeshawahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono ukaona chini ya pampu panachoma? Ni kitu kile kile. Ukibana hewa haraka kiasi kwamba joto halipati muda wa kutoroka, joto lake linapanda kwa kanuni hii: joto la mwisho (kelvini) = joto la mwanzo × uwiano kipeo cha 0.4. Hiyo 0.4 inatokana na tabia ya hewa yenyewe, ambayo namba yake ni 1.4. Kwa presha unatumia kipeo cha 1.4.

Siku ya nyuzi 30, kelvini 303. Tisa kipeo cha 0.4 ni 2.408, zidisha unapata kelvini 730, yaani nyuzi 457 za selsiasi kabla hata plagi haijapiga cheche. Presha inatoka angahewa moja inafika karibu 21.7. Ukiwa na ule uwiano wa 9.7 joto linafika nyuzi 479, umeongeza kama nyuzi 22. Na faida? Mjerumani Nikolaus Otto alitengeneza injini yake ya stroki nne mwaka 1876, na mzunguko unaoitwa kwa jina lake una fomula ya ufanisi ambayo ni fupi mno: moja toa (moja gawa kwa uwiano kipeo cha 0.4). Kwa 9 ni asilimia 58.5, kwa 9.7 ni asilimia 59.7. Kwahiyo umepata pointi moja na kidogo, na umelipia kwa nyuzi 22 za kuisogeza petroli karibu na kujilipukia yenyewe, ule mlio wa kugonga unaousikia ukiwa na abiria na mzigo unapanda mlima gia ya nne. Kwa bodaboda ya kazi mimi sichongi, kwa kweli. Sijaona hesabu inayonishawishi.

Halafu usishtuke ukifunga geji ya kompresheni ukaona namba ndogo sana kuliko 21.7. Fomula inadhani kubana kunaanza pistoni ikiwa chini kabisa, wakati valvu ya kuingiza inachelewa kufunga makusudi, na ukipiga kiki pistoni inakwenda polepole hivyo joto linatorokea kwenye kuta za silinda na gesi inapita kwenye ringi. Na injini yenyewe ikiwa inafanya kazi haifiki hiyo asilimia 58, za petroli ndogo kama hizi zinacheza kwenye asilimia 25 mpaka 30. Kinachopotea kinatoka na ekzosti, kwenye mapezi ya silinda, na kwenye msuguano.

HATUA YA 5: Pembe, kasi, na kalkulasi inayoingia yenyewe

Hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote, na usiiruke hata kama trigonometria ilikukimbiza shule.

Toa hedi. Bandika protrakta ya duara (chora au printi) kwenye magneto, weka kiwaya kigumu kiwe mshale, sifuri iwe pale pistoni ipo juu kabisa. Zungusha nyuzi 10, pima kwa ule mkia wa venia pistoni imeshuka kiasi gani, andika. Nyuzi 20, andika. Endelea mpaka 180. Inachukua kama saa moja, na mikono itachafuka.

Ukifika nyuzi 90 simama kwanza. Krenki imeenda nusu ya safari ya kushuka, je pistoni iko nusu? Nusu ya 49.5 ni 24.75, lakini venia itakuonyesha kama mm 27.9. Pistoni imeshapita nusu! Sababu ni konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki): krenki ikiwa pembeni konrodi imelala upande, na kitu kilicholala kinapoteza urefu wa wima. Fomula yake: kushuka = r(1 − kosaini ya pembe) + L(1 − kipeuo cha pili cha [1 − (r/L)² × saini² ya pembe]). Hapo r ni nusu ya safari, 24.75, na L ni urefu wa konrodi kati ya tundu na tundu. Pima ya kwako, mimi hapa natumia mm 99 ili iwe mara nne ya r. Weka fomula kwenye jedwali la simu, linganisha na ulizopima. Siku namba zako na za fomula zikikaribiana kwa sehemu ya kumi ya milimita utaelewa kosaini kuliko ulivyowahi kufundishwa.

Sasa kwenye safu inayofuata toa kila namba na iliyoitangulia. Umeona? Hiyo ni kasi, ni umbali uliopita kila nyuzi 10. Safu nyingine tena, toa kasi kwa kasi, huo ni mchapuko. Basi umeshafanya kalkulasi, ndo hiyo, kinachobaki ni kujifunza namna ya kuiandika kwa alama. Utaona kasi inafika kileleni karibu nyuzi 77 sio 90, na mchapuko mkubwa kabisa uko pistoni ikiwa juu, mahali ambapo kasi ni sifuri. Wengi hawaamini hili mpaka waone kwenye jedwali lao wenyewe.

Tuweke uzito. Pima pistoni pamoja na pini na ringi kwenye mizani, tuseme gramu 120. Injini iko RPM 9000 (mizunguko 9000 kwa dakika), krenki inazunguka radiani 942 kwa sekunde. Mchapuko wa juu = 942² × 0.02475 × 1.25, inatoka kama mita 27,500 kwa sekunde kwa sekunde, yaani mara 2,800 ya mvutano wa dunia. Zidisha kwa kilo 0.12 unapata nyutoni 3,300, sawa na kuning'iniza kilo 336 kwenye konrodi. Kwenye kipistoni kinachoingia kwenye kiganja cha mkono! Ukivuta mpaka RPM 10,000 inakuwa kama kilo 415, kwa sababu RPM iko kwenye kipeo cha pili. Kinachovunja konrodi mara nyingi ni huku kuvutwa, hasa mtu anapokosea kushusha gia kwenye mteremko na tairi likaizungusha injini kupita kiwango, wala hakuna mlipuko mkubwa wowote humo ndani.

Kuna kipimo kingine cha haraka, wastani wa kasi ya pistoni: safari mara mbili mara RPM gawa kwa 60. Pikipiki yetu kwa 9000 ni mita 14.9 kwa sekunde. Chukua Probox yenye injini ya 1NZ, safari ya pistoni mm 84.7, kwa RPM 6000 ni mita 16.9. Yaani pistoni ya Probox inakimbia kuliko ya pikipiki inayopiga kelele mara mbili yake.

HATUA YA 6: Chuma kinatanuka

Sasa ile stori. Miaka ya nyuma nilipeleka bloku ya jamaa mmoja wa bodaboda ikapanuliwe kwa pistoni ya 0.50. Fundi wa lezi akaijaribu pistoni mkononi, ikaingia vizuri bila kulegea, akasema "hii imekaa, haina gepu kabisa", na mimi nikafurahi, nikaona ndo kazi safi. Nilifunga, ikawaka, imetulia kama mpya. Kilomita kama 12, kwenye mlima, ikajam, tairi la nyuma likaburuza, na yule kaka alikuwa na abiria. Hawakuumia sana lakini nilipofungua nikaona ile mikwaruzo ya fedha pande mbili za pistoni sikulala. Wote wawili hatukupima kitu.

Hesabu yake ni mstari mmoja: kuongezeka = kipenyo × namba ya kutanuka × kupanda kwa joto. Aluminiamu ya pistoni inatanuka kama 0.000020 kwa kila nyuzi, chuma cha silinda kama 0.000011. Kichwa cha pistoni kikipanda nyuzi 220 kinaongezeka 56.5 × 0.000020 × 220 = mm 0.25. Silinda ikipanda nyuzi 110 inafunguka mm 0.07 tu. Tofauti ni mm 0.18! Hakuna anayeacha gepu kubwa hivyo. Kwahiyo chukua maikromita, pima pistoni juu karibu na ringi, kisha chini kwenye sketi. Utakuta juu ni nyembamba. Wameitengeneza kama kikombe kilichogeuzwa, ikishachemka ndo inanyooka, na lile gepu dogo la kwenye sketi ndo linabeba oili. Ukilinyima injini lile gepu la sehemu chache za mia za milimita umeshaiua kabla ya kuiwasha. Namba kamili ya gepu inatoka kwa aliyetengeneza pistoni, ifuate hiyo, halafu pima na fila geji, mkono haujui kusoma sehemu ya mia.

Ringi nayo ni hivo hivo, ila yenyewe inatanuka kwa mzingo. Pai × 56.5 × 0.000011 × nyuzi 100 za kuzidi ukuta = karibu mm 0.2. Mafundi wana kanuni ya kuacha mwanya wa sehemu nne za elfu za kipenyo, 0.004 × 56.5 = mm 0.23. Umeona zinavyokutana? Kanuni ya zamani ya gereji na fizikia zinasema kitu kimoja.

HATUA YA 7: Nati za hedi

Kwa ufupi. Torki (nguvu ya kuzungusha spana) = 0.2 × kani × kipenyo cha stadi (bolti inayoshika hedi), hiyo 0.2 ni pale nyuzi za stadi zikiwa kavu. Stadi ya mm 8 ukiikaza Nm 25 inabana nyutoni 15,600, karibu tani 1.6. Ukipaka oili ile 0.2 inashuka kama 0.15 na kwa torki ile ile unabana nyutoni 20,800, theluthi moja zaidi, na hapo ndo stadi zinavutika au nyuzi za aluminiamu zinatoka nzima. Kama mwongozo wa injini umesema kavu, kavu. Umesema paka oili, paka.

HATUA YA 8: Hewa mpaka hospawa

Injini ya stroki nne inafyonza mara moja kila mizunguko miwili. Kwa RPM 9000 ni mara 4500 kwa dakika, mara cc 124.1, lita 558. Silinda haijai kabisa, tukadirie asilimia 80, ni lita 446. Dar kwenye nyuzi 30 mita moja ya ujazo ya hewa ina kilo 1.165 (presha gawa kwa 287 × kelvini), kwahiyo ni kilo 0.52 za hewa kila dakika. Petroli inataka hewa kilo 14.7 kwa kilo moja, basi inaingia gramu 35 za petroli. Kila kilo ya petroli ina nishati ya megajuli kama 44, gawa kwa sekunde 60 unapata kilowati 26. Chukua asilimia 28 ya hiyo: kilowati 7.3, hospawa 9.7. Pikipiki za aina hii zinatoa hapo hapo karibu na 10. Mara ya kwanza namba hii iliponitokea kwenye simu nilisimama kabisa, maana nilianza na venia na hewa tu.

Sasa ipandishe ile ile mpaka Mbeya, mita kama 1,700 juu ya bahari. Presha ya hewa iko karibu kilopaskali 83 badala ya 101, na hata ukizingatia ubaridi hewa ni nyepesi kwa asilimia kama 16. Nguvu inapungua kwa kiasi hicho hicho. Lakini kabureta inaleta jambo la pili: petroli inavutwa na tofauti ya presha kwenye koo la kabureta, na mtiririko wake unafuata kipeuo cha pili cha uzito wa hewa kwa ujazo ule ule. Kipeuo cha 0.84 ni 0.917. Hewa imepungua asilimia 16, petroli imepungua 8 tu, mchanganyiko umekuwa mzito, 14.7 imekuwa 13.5. Ndo ile plagi nyeusi na harufu ya petroli, na mtu anabadilisha plagi tatu wakati kinachotakiwa ni kushusha jeti (kitundu cha kupitisha petroli kwenye kabureta) saizi moja au mbili.

Mwisho jifunze kipimo cha kukagua maneno ya watu. Presha ya wastani inayosukuma pistoni = 4 × pai × torki ÷ ujazo. Na torki unaipata kwa kilowati × 9549 ÷ RPM. Ile 1NZ ya Probox yenye Nm 141 na cc 1497 inatoka ba 11.8 (ba moja ni karibu angahewa moja). CG125 yenye Nm 9.5 hivi ni ba 9.6. Injini ya petroli ya kawaida isiyo na taabo (pampu ya kusukumia hewa ya ziada) inaishi humo, na za mashindano zinapanda kidogo tu kufika 14 au 15. Sasa mtu akikwambia amei-tyuni 125 yake inatoa hospawa 25 kwa RPM 9000, piga: kilowati 18.6, torki Nm 19.8, presha ya wastani ba 20. Hiyo hewa haipo ndani ya silinda ile.

Ukishamaliza injini ya pikipiki rudia yote na ya gari, silinda nne, na ongeza safu za silinda ya pili mpaka ya nne kwenye lile jedwali la mchapuko, mbili zikiwa nyuzi 180 mbele. Zijumlishe. Zile kani za kwanza (zinazokwenda na mzunguko mmoja mmoja) zinafutana lakini kuna mtetemo mdogo wa mara mbili ya mzunguko utabaki pale chini ya jedwali, unaukataa lakini haufutiki, na huo ndo ule unaousikia kwenye usukani wa gari la silinda nne.